Kansa Ni Jina la Nani

Nyinyi mnaopita kwenye depo yangu ya makaa na kukuta kufuli mlangoni, mmeulizana vya kutosha. Mmoja amesema nilienda kutafuta mganga. Mwingine, na ninamjua, amesema mzee amepata mke mdogo kule Westlands, kwa sababu nilionekana huko nimeoga na kuvaa koti. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeandika mara moja, msome wote, kisha mniache.

Nilisoma hadi darasa la tatu. Siwaambii hivyo mnihurumie. Depo hiyo niliianza na gunia moja, nikiuza makaa kwa mkebe kando ya barabara, na nyumba ninayolala niliijenga mwenyewe. Mwenye digrii akiona kosa humu, alinyamazie.

Habari yenyewe ni hii. Mama Wangari, mke wangu, alipata uvimbe kwenye titi. Daktari wa Parklands akampima, akatuita, akalitaja: kansa. Akasema titi litolewe upesi kabla ugonjwa haujasambaa. Mimi nilikuwa tayari kusema ndiyo papo hapo. Mama Wangari akaweka mikono yake mapajani, akauliza, "Kansa ni jina la nani?"

Daktari alidhani hakumsikia vizuri. Akaanza kueleza mambo ya mwili na damu, kijana mwenye heshima, anaeleza polepole. Mama Wangari akamwacha amalize, akamuuliza tena lile lile.

Wale mliotoka kwingine hamtaelewa, kwa hivyo nieleze. Kwetu hakuna jina la bure. Binti yetu wa kwanza ni Wangari kwa kuwa mama yangu alikuwa Wangari. Mtoto akizaliwa, watu wanataka kujua ni nani amerudi. Ukishamjua mwenye jina, unajua mtoto huyo utamshika wapi: akiwa mkali, unakumbuka mkali wa kwanza alivyotulizwa. Sasa mwanamke ameambiwa kuna kitu ndani yake, kimepewa jina, na aliyempa habari hajui ni jina la nani. Akakataa. Watoto wakapiga simu, wakalia, wakamfokea. Akasema, "Sipigani na mtu ambaye sijui kwao."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye una miguu. Nenda uulize."

Niliona ni upuuzi. Lakini daktari alikuwa amesema upesi, na yeye alikuwa amesema hapana, na katikati hapo palikuwa na neno moja tu. Kama neno ndilo lilifunga njia, basi neno liondolewe.

Kutoka Kangemi kwenda Muthangari

Mama Wangari ndiye aliyepanga safari akiwa kitandani. Alisema maneno ya wazungu mengi yametoka kwa Kilatini, na Kilatini anakijua padri mzee aliyetufungisha ndoa, ambaye sasa amestaafu na kutunzwa kwenye nyumba ya mapadri Muthangari. Akaniamuru nivae koti. Hilo ndilo koti mliloliona.

Nilitembea. Goti langu la kushoto ni bovu, lakini mimi kitu nikitaka kukifikiria lazima nitembee. Nilipofika kwenye geti la nyumba hiyo, bawabu akanitazama kucha. Mnazijua kucha zangu, hata nikizisugua kwa jiwe hazitakati.

"Mzee, makaa hatujaitisha," akasema.

Nikamwambia sijaleta makaa, nimekuja kwa padri. Akauliza ni ya jikoni au ya chumba cha padri. Nikamwambia tena. Akaingia, akatoka, akasema mpishi amesema yapo ya kutosha. Nilikaa kwenye jiwe la geti jua likipanda, hadi sista mmoja alipotoka na kuniuliza kwa upole ninamtafuta nani. Bawabu hakuomba msamaha. Mimi pia nisingeomba, kazi yake ni kukataa watu.

Padri amezeeka vibaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa. Siku ya ndoa yetu alituhubiria hadi bibi harusi akasinzia. Sasa ni mifupa ndani ya sweta, na masikio yamemwisha. Sista akaniletea chai ya rangi na kipande cha mkate kikavu, akaniambia nisimchoshe.

Nikapiga kelele sikioni mwake: kansa maana yake nini, na imetoka wapi? Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaanza kuongea kama mtu anayesoma kwenye ukuta. Akasema Waingereza walilichukua kutoka kwa Walatini, herufi kwa herufi, hawakubadilisha hata moja. Akasema Walatini walikuwa wanafuata madaktari wa Wagiriki, na Wagiriki waliliita karkinos. Nikalirudia njiani baadaye mara nyingi ndiyo maana ninalikumbuka. Nikamuuliza, basi maana yake?

"Kaa," akasema.

"Asante padri, nimeshakaa."

"Kaa."

Nikasogeza kiti, nikakaa tena vizuri, miguu pamoja kama kanisani. Akatikisa kichwa kwa hasira, ile hasira yake ya zamani, na nikafurahi kuiona.

"Sikuambii ukae. Ugonjwa ndio kaa. Mgiriki wa zamani alitazama titi la mama mgonjwa, akaona mishipa imetoka kwenye uvimbe na kutapakaa pande zote. Akasema, hili ni kaa."

Hapo akaanza kukohoa. Akakohoa hadi sista akaja mbio, akamshika mgongo, akanionyesha mlango kwa macho. Nikaondoka na neno langu.

Kutoka Muthangari kwenda Parklands

Sasa mniambie nyinyi. Mtu aliyeuza makaa maisha yake yote, akiambiwa ugonjwa wa mke wake jina lake ni kaa, ataelewa nini?

Nilielewa kaa la moto. Kaa moja, yakiwa mengi ni makaa. Na kila kitu kiliingia mahali pake kama kufuli. Mama Wangari mwenyewe alikuwa amesema uvimbe unamuunguza. Kaa likianguka kwenye mkeka linaanza na alama ndogo, kisha linatapakaa pande zote. Na ni nani aliyekaa na makaa kuliko yeye? Mimi nilikuwa nikisafiri na lori kuleta mzigo. Yeye ndiye aliyechekecha vumbi, akatengeneza yale matonge tunayouza kwa wasio na uwezo, leso imefungwa puani, jioni anatema mate meusi. Kila nguo aliyowahi kuvaa ilitoka kwenye makaa. Shule ya watoto ilitoka kwenye makaa. Nikajiambia, basi ni mimi. Nilimwoa, nikamlisha kaa.

Kwenye njia ya kuelekea Westlands kuna mama alikuwa anachoma mahindi. Akaniita kama babu yake, "Guka, chukua la moto." Nikasimama nikitazama jiko lake hadi akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia asimame mbali na hayo makaa.

"Nikisimama mbali nani atageuza?" akasema, akacheka na wenzake. Nilikuwa nimepanga niende nyumbani moja kwa moja. Lakini nyumbani ningesema nini? Nikaamua nimuulize daktari uso kwa uso kama ni makaa yangu.

Hospitalini daktari alikuwa ndani anapasua watu. Binti wa mapokezi akaniambia nisubiri, nikasubiri, watu waliokuja nyuma yangu wakaingia na kutoka. Mwishowe nikamuuliza yeye mwenyewe: makaa yanaweza kuleta kansa? Alikuwa anaandika. Akasema bila kuinua kichwa, "Moshi si mzuri, mzee."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilisikia kama hakimu amesoma hukumu. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Karibu na hapo kuna hoteli ya mteja wangu, mzee wa Kihindi anayeitwa Manu. Tanuri lake la mikate linatumia makaa yangu tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Hukaa kwenye meza ya mbele, miguu juu ya stuli, anagombana na kila anayeingia. Nikaenda kwake, sikumsalimia, nikamwambia sitamletea makaa tena na awaambie vijana wake wa jikoni wasiyasogelee.

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe nataka pandisha bei. Sema tu nataka pandisha bei. Kwa nini nasumbua mimi asubuhi?"

Ilikuwa saa za mchana, lakini kwake asubuhi ni hadi alale. Nikamwambia si bei. Akasema ni bei. Akamwita mwanawe aje asikie jinsi Mkikuyu anavyopandisha bei kwa ujanja. Mwisho nikakaa chini, nikamwambia kweli. Mama Wangari ana kansa. Kansa maana yake ni kaa. Kaa ni la kwangu.

Alishusha miguu. Akamwambia mwanawe kitu kwa lugha yao, nikaletewa chapati zao nyembamba na dengu yenye pilipili nyingi. Sikuwa na hamu ya kula, lakini Manu alinikodolea macho hadi nikala. Nilipokuwa ninafuta pua kwa sababu ya pilipili, tuseme ni pilipili, akaniuliza hilo neno la Wagiriki lilikuwa lipi.

"Karkinos," nikasema.

"Karka," akasema.

Nikamwambia hajasikia. Akasema amesikia, mimi ndiye sijasikia. Akainuka kwa kushika meza, akanivuta hadi kwenye kalenda ya hekalu lao iliyobandikwa ukutani, ile yenye picha za nyota za kuzaliwa. Simba yupo, samaki wapo, mizani ipo. Akaweka kidole juu ya mnyama mmoja mwekundu, mpana kama sahani, ana miguu mingi na mikono miwili ya kubana.

"Hii iko karka. Nyota ya mama yangu. Hii neno iko kwa vitabu ya hekalu, mzee sana, mzungu bado anakaa kwa miti. Nyinyi kwa Swahili naita hii nini?"

Nikatazama. Nikatazama tena. Kijana wake wa jikoni, mtu wa Kilifi, alikuwa anapita na sufuria. Akasema, "Huyo ni kaa, mzee."

Kar-ki-nos. Kar-ka. Hata wa darasa la tatu anasikia kwamba hao ni ndugu. Padri hakusema kaa la moto. Alisema kaa huyu, wa majini. Mishipa inayotapakaa ilikuwa miguu yake.

Niseme ukweli hapa kwa kuwa nimeamua kusema yote. Nilifurahi. Manu naye akafurahi, akauliza kama basi makaa yatakuja Jumatatu kwa bei ya zamani. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba Mama Wangari yuko kitandani Kangemi, na uvimbe haukupungua hata kidogo kwa sababu si mimi.

Kutoka Parklands kwenda mjini

Ningerudi nyumbani hapo. Lakini ninamjua mke wangu. Angesema: umeleta la mzungu, umeleta la Mhindi, na redioni wanaposoma habari kwa Kiswahili wanasema saratani. Huyo saratani ni nani tena? Ni ndugu yake kansa au ni mwingine? Asingekubali nusu.

Kwa hivyo nikashuka Ngara hadi mjini, goti likilia. Karibu na msikiti kuna mwalimu wa dini, mtu wa pwani, ana kibanda cha vitabu na manukato. Niliwahi kumnunulia mkwe wangu zawadi pale. Ni mtu wa makamo, mweupe wa kanzu, na aliponiona nimefika kwa kuchechemea akasimama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Mzuri," nikasema.

Akatabasamu kidogo, hakunisahihisha. Nilikumbuka jibu la shikamoo nikiwa nimeshakaa, nikaona haya kulirudia. Akaniwekea kikombe kidogo cha kahawa chungu na tende juu ya karatasi. Nikamuuliza saratani ni nani.

Akasema ni neno la Kiarabu, la zamani sana, na kwamba Waarabu wenyewe wana wazee wanaobishana kama walilirithi kwa watu waliowatangulia. Kisha akaniuliza kwa nini ninataka kujua. Nikamwambia. Akasogeza kahawa yake kando.

"Saratani ni kaa," akasema. "Mnyama."

Nikacheka kwa uchungu. Kote nilikozunguka, kaa mmoja. Mzungu, Mlatini, Mgiriki, Mhindi, Mwarabu, watu ambao hawakuwahi kula meza moja, kila mmoja alitazama titi la mke wa mtu akaona mnyama yule yule.

Nikamwambia sisi wa bara hatumjui sana huyo mnyama, anieleze tabia zake. Hapo akawa mtoto wa pwani, mwalimu akaondoka. Akaniambia kaa hatembei mbele wala nyuma, anatembea kando kando. Unamtazama hapa, kumbe ameshaenda kule. Akaniambia ana gando. Sikulijua neno hilo, akanionyesha kwa vidole viwili vinavyobana.

"Akikubana usimvute, mzee wangu. Ukivuta, anazidi. Au anaondoka, gando linabaki kwenye nyama yako."

"Sasa anafanywaje?"

"Wengine hutulia hadi aachie mwenyewe. Wengine hulikata gando." Akatazama chini. "Mama yangu alisema atatulia."

"Aliachia?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Adhana ikaanza, akasimama, akanifungia tende zilizobaki nimpelekee mgonjwa. Safari hii alipoaga nilijibu vizuri.

Kutoka mjini kurudi Kangemi

Sina la kusema juu ya njia ya kurudi. Nilipanda pikipiki kwa sababu goti lilikataa, na kijana akanikimbiza hadi nikasahau hofu moja kwa kupata nyingine.

Mama Wangari alikuwa ameketi akiningoja, kilemba kipya kichwani. Binti yetu alikuwa jikoni. Nilimweleza yote, mtaa kwa mtaa, hata habari ya bawabu, hata habari ya kaa la moto. Nilipofika hapo akanishika mkono, akazitazama kucha zangu.

"Ulijilaumu kutoka Muthangari hadi Parklands?"

"Nikafika hadi kwa Manu."

"Na ulikula?"

Nikasema nilikula. Akaguna. Kisha nikamwambia ni mnyama wa majini, mpana, wa miguu mingi, anaenda kando, anabana. Uso wake ukabadilika, akawa kama msichana aliyesikia jina la mtu wa kijijini kwao.

"Yule wa mtoni? Wa chini ya mawe? Baba Wangari, huyo ninamjua."

Akaniambia jambo ambalo miaka yetu yote hakuwahi kuniambia. Akiwa mdogo, akichota maji, aliinua jiwe, mnyama huyo akamkamata kidole. Alipiga kelele bonde zima likasikia. Mama yake akaja na kisu cha viazi. Hakuvuta. Alikata lile gando pale pale kwenye kiungo, kisha akalifungua taratibu. Akanionyesha kidole. Kovu lipo, dogo, jeupe. Mimi siku zote nilidhani ni la jiko.

"Nililia kidogo tu," akasema. Halafu akamwita binti yetu kutoka jikoni. "Mpigie daktari. Mwambie akate."

Parklands tena

Walimkata. Aliingia akiwa ametulia kuliko sisi wote, akamuuliza daktari kama kisu ni kikali. Tulikaa nje kwenye viti vya plastiki, mimi na watoto. Manu alituma chapati, na kwenye chombo alikuwa ameweka ile picha ya kaa, ameikata kwenye kalenda yake. Sijui alimaanisha nini. Niliitia mfukoni.

Daktari alipotoka alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Akasema titi wamelitoa vizuri. Akasema lakini walichokuwa wanakiogopa kimeshatokea, ugonjwa umesambaa. Nikamuuliza umeenda wapi.

"Kando," akasema. Akagusa kwapa lake, kisha mbavu, kisha kifua. Yule kijana hajui ni nini alichoniambia. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa mjini, kwa kahawa na tende.

Hatukumficha. Alipoweza kuongea aliniuliza, nikasema, ametembea. "Basi tulimkata gando tu," akasema. "Mwenyewe amerudi mtoni." Hakulia. Mimi ndiye nililia, na wauguzi wakaniona, na sijali.

Yupo nyumbani sasa. Ndiyo maana depo imefungwa. Anakula kidogo asubuhi, mchana anataka dirisha lifunguliwe awasikie mkipiga kelele sokoni, na sauti zenu nyingine anazitambua, kwa hivyo angalieni mnayoyasema juu ya mke mdogo. Wanaotaka kuja, mje. Msilete maombi marefu.

Juzi nilisikia kuna mtu anajua dawa ya mizizi, na mwingine ana jamaa kwenye hospitali ya nje ya nchi. Nikachukua koti. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mmoja Mama Wangari aliponiita kutoka kitandani.

"Baba Wangari, umezunguka vya kutosha," akasema. "Kaa."

Sikuuliza ni kaa gani. Nilivuta kiti.